Lofoten siku tatu? FUTA hiyo feri ya Jumapili kwanza

Umeweka hapa ratiba yenu ya siku tatu Lofoten, visiwa vya kaskazini mwa Norwei: feri ya kurudi bara kutoka Moskenes Jumapili saa 1 asubuhi, ndege Bodø, mji wa ng'ambo inakofika feri, saa 8 mchana siku hiyohiyo. Mkuu, nimeisoma ratiba yako, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena. Hii ni ratiba yangu mimi, umebadilisha mwezi tu: mimi Machi, wewe mwisho wa Oktoba. Na wote waliokujibu hapo juu wanakuambia "safi sana, mtafurahi". Hakuna hata mmoja aliyeuliza upepo ukivuma mtafanyaje.

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea Rotterdam kutoka Tanga. Wiki yake ya mwisho nikasema kabla hajaondoka nimpeleke akaone kaskazini. Kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp anajulikana kama mzoefu wa Norwei. Akanitumia sauti ya dakika nne: siku tatu zinatosha, usipoteze hela ya hoteli Bodø, na ile feri ni kama pantoni la Kigamboni tu, unafika, unapanda, unavuka.

Pantoni la Kigamboni! Pale ukimwita mtu ng'ambo kwa sauti kidogo anaweza kuitika. Vestfjorden, maji mnayovuka hadi Bodø, ni bahari, ndugu yangu. Ni zaidi ya saa tatu ukienda moja kwa moja, na kuna safari zinazozungukia visiwa vya Værøy na Røst, hizo huchukua muda mrefu zaidi. Nilikuja kugundua baadaye kwamba mzoefu wetu alikwenda mara moja, Julai, tena kwa ndege hadi Leknes. Hiyo feri hajawahi hata kuikanyaga. Mnauliza kwa nini sijamtoa kwenye kundi? Yeye ndiye admin.

Usiku wa kuamkia safari ujumbe ukaingia kwenye simu. Ndani yake kuna neno "innstilt". Kiholanzi changu cha kuokoteza kikaniambia hiyo ni "ingesteld", kitu kilichopangwa, kilichowekwa sawa. Nikamwambia mama feri imethibitishwa, lala. Wanaojua Kinorwei wameshaanza kucheka. Innstilt maana yake IMEFUTWA. Ukikariri neno moja tu la Kinorwei kabla ya Oktoba, liwe hilo. Asante watakusamehe.

Saa 12 asubuhi tuko gatini, theluji inakwenda ubavu. Nikajisifu kwamba tumekuwa wa kwanza kwenye foleni. Mama akatazama huku na huku, akauliza, "Na wenzetu wako wapi?"

Sasa hapa ndipo penye kosa la hela, maana kufutwa kwa feri peke yake kusingeniua. Ndege ya Bodø tusingeiwahi tena, sawa, lakini ya mama ya kwenda Dar ilikuwa kesho yake jioni kutoka Amsterdam, na asubuhi ile njia ya nchi kavu bado ilikuwa wazi. Unaendesha barabara kuu ya E10 kuelekea mashariki, unakata kwenda Lødingen, unavuka kwa feri inayochukua saa moja hadi Bognes, kisha barabara ya E6 hadi Fauske, halafu unakata kwenda Bodø. Ni zaidi ya kilomita 400, siku nzima ya kukodoa macho kwenye barafu, lakini usiku ungetukuta Bodø na asubuhi ningetafuta ndege nyingine. Mimi nikasema tusubiri ya mchana, upepo utatulia. Nani aliniambia utatulia? Hakuna. Nilikuwa naonea uchungu mafuta ya gari.

Tumekaa saa tano kwenye gari. Ya mchana nayo ikafutwa. Nilipowasha niondoke, E10 huko mbele ilikuwa imefungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji. Na barabara ni hiyo moja. Ukigeuka nyuma, baada ya dakika chache inaishia kwenye kijiji kinachoitwa Å. Jina zima ni hilo, linatamkwa kama "oo". Kila nikilitaja mama anauliza, "Oo nini?"

Tukalala siku mbili zaidi kwenye rorbu, zile nyumba nyekundu za wavuvi zilizosimama juu ya nguzo. Ndege yangu ikapotea, ya mama ikapotea, gari likaongezwa siku, tiketi mpya za dakika ya mwisho. Kama euro 1,900. Kwa sababu kila tiketi niliikata peke yake kutafuta unafuu, hakuna kampuni iliyotaka hata kunisikiliza. Usiku wa pili mbingu zikafunguka, zile taa za angani za kaskazini, aurora, zikajaa kijani juu ya milima ya kijiji cha Reine. Mama kasimama dirishani na kanga yake begani. "Sasa ndiyo wanawasha taa," akasema, "na ndege imeshaondoka."

Kilichomfurahisha yeye ni samaki. Machi chewa wa msimu, skrei, wananing'inia kwenye vichanja vya miti kila kijiji, hadi vichwa vimetungwa kando, vinakwenda Nigeria kwenye supu. Alibishana nami kwamba lazima vimetiwa chumvi kama ng'onda. Havitiwi hata chembe, ni upepo na baridi tu. Wewe Oktoba utakuta vichanja vitupu, nakuambia mapema.

Kwa hiyo: USIKU WA MWISHO UNALALA UPANDE WA UWANJA WA NDEGE. Feri ya Jumamosi, na Jumamosi ikifutwa bado una Jumapili ya kupambana. Usiniambie siku itapotea. Bodø uwanja wa ndege uko mjini, na mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kuna Saltstraumen, mkondo unaopita kwenye mlango wa maji wenye upana wa mita 150 tu. Maji yakijaa na kupwa, kila baada ya saa sita hivi, yanapita pale kwa nguvu mpaka yanachimba visima vinavyozunguka. Mtu wa pwani anayejua bamvua atakaa pale asiondoke. Halafu ni bure. Angalia tu saa za maji kabla hujaenda, ukifika yakiwa yametulia utaona mto wa kawaida.

Mengine uliyouliza. Kupanda mlima Reinebringen na mtoto wa miaka minne, hapana. Ni mita 448, ngazi za mawe zaidi ya 1,900 zilizojengwa na Masherpa kutoka Nepal, na Oktoba zinaweza kuwa na barafu. Mpelekeni Borg kwenye makumbusho ya Waviking, nyumba ndefu ya mita 83, atakimbia mle hadi achoke. Lakini ulizeni kwanza saa za kufungua, si majira ya watalii hayo. Mchana wenu utakuwa chini ya saa nane, kwa hiyo hiyo orodha ya vijiji sita kwa siku ikateni nusu. Uliuliza pia habari ya kulala na chakula halali, na kitu gani tena, nguo?

Badilisha kwanza feri. Leo, ofisi hazijafungwa. Ukishapata ya Jumamosi weka hapa, ndiyo tuongee nguo.