Jibu Lina Kosa, Fikra Je?

SWALI: Mhariri, ninafundisha hisabati katika shule ya msingi. Wanafunzi wangu wakishakosa mara mbili tatu hunyamaza, na darasa zima humngojea yule mmoja hodari ajibu kwa niaba yao. Huwa ninawasifu na kuwaambia kwamba wana akili, lakini sioni mabadiliko. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, huenda sifa hizo ndizo zinazowanyamazisha. Mtoto anayeambiwa ana akili kwa sababu amepata jibu huingiwa na hofu kwamba siku atakapokosa ataonekana hana, na njia salama kwake ni kufunga mdomo. Kitakachomfungua ni kuona kwamba fikra zake zinasikilizwa hata jibu lisipokuwa sahihi.

Chukua 52 − 37. Mwanafunzi ameandika 25. Kabla hujatia alama ya kosa, muulize amefikaje hapo. Atakueleza kwamba alitoa 30 katika 50 akapata 20, kisha, kwa kuwa 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza akatoa 2 katika 7 akapata 5. Hapo utagundua kwamba ameshika jambo kubwa, yaani makumi hutolewa katika makumi na mamoja katika mamoja, na amekwama mahali pamoja tu. Mwambie hivyo waziwazi, kisha muulize: "Ukiwa na 2 nawe unadaiwa 7, ukilipa ulichonacho utabaki na deni la ngapi?" Akisema 5, mwache mwenyewe aliondoe deni hilo katika ile 20. Atapata 15 kwa njia yake, ambayo ni halali kabisa ingawa si ile ya kukopa kumi uliyoiandika ubaoni.

Swali la "umepataje?" waulize na waliopata, tena ningependa uanze nao, kwa sababu likiwaendea waliokosa peke yao watalizoea kama hukumu iliyosemwa kwa adabu.

Ukishauliza, ngoja. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, alionyesha kwamba kwa kawaida walimu hungoja sekunde 1 au pungufu, na kwamba wakivumilia sekunde 3 au zaidi, wanafunzi hujibu kwa urefu zaidi na wanaoshindwa kujibu hupungua. Yule hodari atakuwa ameshanyoosha mkono. Mwombe aushushe, na baadaye mpe kazi ya kulieleza darasa njia aliyoitumia mwenzake.