Maji safi kabisa ndiyo yenye njaa ya chuma

Ndugu, umeuliza kwa nini vinu vya nyuklia vinatia kemikali kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa hadi hayana chumvi wala oksijeni. Kutu itatokea wapi? Swali hilo nami nililiuliza nilipoanza kazi. Nina miaka tisa sasa kwenye maabara ya kemia ya kituo kimoja huku Ontario, Kanada, upande wa maji ya kulishia boila, yaani vyombo vinavyogeuza maji kuwa mvuke.

Kutu nyekundu huioni, ni kweli. Lakini bomba linaliwa. Chuma cha kawaida hujivika ngozi nyeusi, magnetaiti, na ngozi hiyo huyeyuka kidogo kidogo. Maji yaliyotulia yangeshiba chuma yakaacha. Yanayokimbia hayashibi, maana kila mara yanakuja mapya. Joto likikaribia nyuzi 150 hali huwa mbaya zaidi, hasa kwenye viwiko, pale bomba linapopinda, na popote maji yanapovurugika.

Nimewahi kushika kipande cha kiwiko kilichokatwa. Nje rangi nzima, huwezi kushuku kitu. Ndani kuna vishimo vilivyofuatana kama mchanga wa pwani maji yakipwa, na upande mmoja umekonda hadi unashangaa ulistahimilije presha.

Bomba jingine halistahimili. Kwenye kituo cha nyuklia cha Mihama, Japani, tarehe 9 Agosti 2004, bomba lenye unene wa milimita 10 lilikuwa limebaki na 1.4 hivi. Likapasuka, maji ya nyuzi 140 na mvuke vikawakuta mafundi, watano walifariki. Sehemu ile haikuwahi kupimwa unene tangu kinu kilipoanza kazi mwaka 1976. Kabla yake, Desemba 1986, kiwiko cha kituo cha nyuklia cha Surry, Virginia, Marekani, kiliua wanne. Nikimfundisha kijana mpya, naanza na hayo mawili kabla sijamwonyesha chupa yoyote.

Basi ndiyo sababu ya kutia amonia: inapandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji, kupita 9 (uasidi unapungua), na magnetaiti inakuwa ngumu kuyeyuka. Tatizo la amonia ni kwamba inapenda kuondoka na mvuke, na matone yanayobaki kwenye mabomba ya mvuke yanakosa ulinzi. Kwa hiyo vituo vingi hutumia kemikali kama mofolini au ethanolamini, ambazo hubaki zaidi ndani ya maji. Penye mirija ya shaba huwezi kupandisha pH upendavyo, kwani amonia ikikutana na oksijeni huila shaba. Kemikali nyingine, haidrazini, huondoa oksijeni ili boila zisipate nyufa. Ila vinu vinavyochemsha maji ndani ya kinu chenyewe huongezewa oksijeni kidogo kwa makusudi kwenye maji ya kulishia, iimarishe ile ngozi. Kila mtambo na dawa yake. Na bomba likibadilishwa, wekeni chuma kilichochanganywa na metali ya kromi. Hata kiasi kidogo kinasaidia sana.

Jihadhari na upimaji. Mwaka wangu wa kwanza niliacha sampuli wazi kwenye bika nikijaza daftari. Maji yakavuta kaboni dayoksaidi hewani, pH ikashuka, nikaripoti tatizo lisilokuwepo. Maji ya aina hii yapimwe yakiwa yanatiririka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni karatasi ya chujio. Tunapitisha maji ya kulishia siku kadhaa, kisha tunaitoa na kupima chuma kilichonaswa. Ikitoka nyeusi kuliko ya wiki iliyopita, tunaanza kutafuta ni bomba gani.