Umebadilisha neno la siri, mwizi bado yumo

SWALI: Fundi alinipigia Windows na Office za bure kwenye laptopu ya dukani, akanizimia antivairasi akisema inasumbua. Wiki mbili baadaye mtu akaingia Gmail yangu. Nimebadilisha neno la siri mara mbili, bado anaingia. Niweke antivairasi gani kali?
Mama Steshenari, Morogoro

JIBU: Mama, achana na antivairasi kwanza. Neno jipya la siri ulilibadilishia wapi? Kama ni kwenye laptopu hiyo hiyo, ulimkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Karibu kila wiki naletewa mashine ya namna hii, na mwenyewe ananiambia, "Fundi kasema kraki zote huonekana kama virusi." Maneno hayo yananiudhi kuliko virusi vyenyewe. Antivairasi haikuwa inasumbua, ilikuwa inapiga kelele. Hiyo kraki, yaani kile kiprogramu cha kuizuia Windows isidai leseni, ni mojawapo ya njia kuu za kuingizia programu za kunyonya taarifa, kama RedLine na Vidar. Hukomba maneno ya siri uliyohifadhi Chrome, pamoja na kuki, yaani kile kitambulisho kinachofanya Gmail ifunguke bila kukuuliza neno la siri. Mwenye nakala yake huingia bila hata kuulizwa ile namba ya kuthibitisha inayoletwa kwenye simu.

Tumia simu iliyo salama: badilisha neno la siri, ondoa vifaa vingine vyote vilivyoingia kwenye akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili. Kagua namba ya kurejeshea akaunti, kisha uone kama Gmail imepangwa kupeleka barua zako kwingine. Kwenye laptopu okoa nyaraka na picha tu, halafu ipigwe Windows upya kwa flashi iliyoandaliwa kwenye mashine nyingine, kutoka tovuti ya Microsoft.

Na hapa ndipo ninapoumia. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au za baada yake zina leseni ndani ya madabodi, ubao mkuu wa mashine. Ukipiga toleo lile lile, zikipata intaneti zinajisajili zenyewe. Huenda yako ilikuwa halali kabla fundi hajaigusa! Kwa barua na hesabu, LibreOffice, mbadala wa Office, ni bure. Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, huja na Windows, nayo inatosha ikiachwa iwake.

Jihadhari pia na wanaojiita mahaka wa kurudisha akaunti. Akaunti ya Gmail hurudishwa kwenye ukurasa wa Google wenyewe, bila malipo. Hao watapokea pesa yako, kisha wataomba uwasomee ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi.