Viwavi vinakula au viwavi wanakula?

Swali: Ninaandaa kipeperushi cha kuwaonyesha wakulima wa Pwani tofauti ya wadudu rafiki na wadudu waharibifu. Niliandika "viwavi vinakula mahindi" na "maji moto yanalinda minazi". Mwenzangu kazini amesahihisha kote. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Kiwavi ana ki- kama kiti, lakini ana uhai, kwa hiyo upatanisho wake ni ule wa mtu: kiwavi huyu anakula, viwavi hawa wanakula. Vivyo hivyo vidukari wanaofyonza mboga, na vunjajungu anayewawinda. Andika pia viwavi wa mahindi, si vya mahindi.

Maji moto ndiye anayenoga zaidi. Maji ya chai yanachemka. Maji moto wa mnazini, wale chungu wanaoshona majani mabichi kuwa viota na kuwashambulia wadudu wanaofyonza nazi changa, wanang'ata. Jina lilikotoka, muulize mkwezi yeyote.

"Vidudu hivi vinanikera" inaruhusiwa, kwa kuwa hapo umekusudia kudunisha. Kwenye kipeperushi liepuke hata hivyo. Wasomaji wengi wakisikia vidudu hufikiria maradhi.

Utakutana pia na viwavijeshi vamizi, jina linalotumika Tanzania kwa wale wenye asili ya Amerika waliogunduliwa Afrika mwaka 2016. Kisarufi ningetarajia "wavamizi". Jina limeshazoeleka, nami nisingeligusa, ila kitenzi kibaki vilevile: viwavijeshi vamizi wameingia shambani.

Kuna jambo moja ambalo mwenzako hakuligusa, na kwangu ni zito kuliko hayo yote. Kwa kuwa rafiki na mharibifu wote wanachukua wa-, viwakilishi vinaweza kumpoteza mkulima. Umeandika: "Vunjajungu huwala viwavi, kwa hiyo wakionekana shambani wasiuawe." Wakionekana nani? Kitenzi hakisemi, na jina lililo karibu nacho ni viwavi. Msomaji mwenye haraka anaweza kuwaacha viwavi wamalize mahindi akidhani ndivyo alivyoagizwa. Walimu wa insha hutukataza kurudiarudia majina, lakini kipeperushi si insha. Andika: "Vunjajungu huwala viwavi. Ukiwaona vunjajungu, usiwaue. Ukiwaona viwavi, waokote uwaue." Na pale unapowataja maji moto, weka "chungu" mbele mara ya kwanza: chungu maji moto wanalinda minazi.