Mboga Zako Zipeleke Gulioni Mwenyewe

Mnunuzi anayekuja hadi shambani kuchukua kila kitu kwa mkupuo mmoja anavutia sana. Anakuja na wavunaji wake na magunia yake, anakuhesabia pesa, anaondoka. Mimi ninalima kipande kisichofika ekari moja huko Akheri, chini ya Mlima Meru, na nimeuza kwa njia zote mbili: shambani kwa mchuuzi, na sokoni Tengeru nikiwa nimeketi mbele ya mzigo wangu. Kila anayeniuliza ninampa ushauri huu. Mahindi na maharage uza popote bei itakapokuridhisha, kwa kuwa yanaweza kusubiri stoo. Lakini mchicha, mnafu, ngogwe (nyanya chungu), majani ya maboga na nyanya, hivyo vipeleke gulioni mwenyewe.

Kwa asiyelifahamu, soko la Tengeru liko kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, na siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. (Upande wa pili wa jiji kuna Ngaramtoni, Alhamisi na Jumapili.) Kabla jua halijapanda utawaona akina mama wakiteremka kutoka mlimani na mikungu ya ndizi kichwani, bodaboda zikiwa na matenga ya nyanya kutoka tambarare, wenye maziwa, wenye parachichi, wenye vitunguu vya Mang'ola. Wanunuzi nao ni wa kila aina: akina mama wa nyumbani, wapishi wa shule, wenye migahawa ya mjini, wachuuzi wanaopeleka soko la Kilombero, Arusha mjini, na hata wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Namanga kutoka Kenya.

Ukienda mwenyewe, cha kwanza kubadilika ni nani anashika kipimo. Shambani kipimo ni cha mnunuzi. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linashonewa kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa, nawe unalipwa bei ya gunia moja. Sheria inaikataza, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita kwa miaka mingi, lakini jioni ile shambani kwako, kabichi zikiwa zimeshakatwa na gari limeshawashwa, hakuna ofisa wa kumwita. Gulioni kipimo ni chako. Unapanga mafungu, unapima kwa sado au kwa debe, na mteja anaona kile kile unachokiona wewe. Akiomba nyongeza unamwekea kwa mkono wako na kwa hiari yako.

Pia unaijua bei. Ikifika saa tatu asubuhi umeshaona nyanya zimeingia kiasi gani, nani anauza mnafu zaidi yako, hoho zimepanda au zimeshuka. Hata wiki ambayo umeugua au una msiba, na inabidi umuuzie mchuuzi shambani, mtazungumza nawe ukiwa unajua soko limeamkaje. Mkulima asiyefika sokoni analazimika kuamini anachoambiwa.

Sasa nizungumzie fungu, kwa sababu nadhani ndilo linalofanya magulio yetu yalishe watu wengi kuliko duka lolote. Kwenye duka kubwa la mjini bei ni ya kilo, na kilo ikipanda mwenye pesa kidogo anapita tu. Kwenye fungu bei inakaa palepale, kinachobadilika ni wingi. Nyanya zikijaa sokoni, fungu la mia tano linakuwa kubwa. Mvua za masika zikileta ukungu na nyanya kuadimika, fungu linapungua, lakini mwenye mia tano bado anaondoka na kitu cha kutia kwenye sufuria. Nina wateja wanaofanya vibarua kwenye mashamba ya maua, wanalipwa ujira mdogo na wana watoto wa kulisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa familia ya aina hiyo, njia ya kuzikaribia gramu hizo ni mafungu mawili ya majani, moja la nyanya chungu na chane ya ndizi, vyote kutoka kwa watu waliovivuna jana jioni au alfajiri ile ile.

Kwa hiyo usipange mafungu ya ukubwa mmoja. Weka ya mia tano na ya mia mbili pembeni, na uyapange kwa haki. Mteja wa mia mbili hastahili kupewa majani yaliyokatika. Ikifika saa kumi jioni, yaliyobaki yaunganishe uyauze kwa bei ya kumalizia. Kuna akina mama wanaokuja saa hiyo kwa makusudi, na wale ni wateja kama wateja wengine.

Soko la mara mbili kwa wiki linataka bustani inayotoa mara mbili kwa wiki. Hapa ndipo wengi wanaoanza wanapokwama: wanasia tuta zima siku moja, mchicha unakomaa wote kwa pamoja, kisha wanakaa wiki kadhaa bila kitu. Gawa tuta lako. Mchicha unakuwa tayari kwa wiki tatu au nne, kwa hiyo sia sehemu ndogo kila baada ya wiki. Mnafu ukishashika unachuma vikonyo na unachipua tena, mradi usiung'oe. Ngogwe inachelewa kuanza, lakini ikianza inakulipa kwa miezi. Panga vyote hivi kulingana na zamu yako ya maji ya mfereji, kwa sababu huku kwetu maji yanashuka kutoka mlimani kwa zamu, na anayepanda bila kuihesabu zamu yake atavuna majani yaliyokakamaa.

Chuma majani jioni ya kuamkia soko au alfajiri, jua likiwa bado. Yapange kwenye tenga lililotandikwa majani ya mgomba, uyafunike kwa hayo hayo, na kila baada ya muda uyanyunyizie maji safi. Nasisitiza safi. Maji ya mtaro ulio kando ya barabara hayafai hata kunawia mikono, achilia mbali kunyunyizia chakula cha mtoto wa mtu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo wakumbushe wateja waje na vikapu, na uwe na mifuko mbadala michache kwa anayepita njiani.

Kuhusu dawa za kuulia wadudu sina maneno laini. Kila chupa ina kibandiko kinachosema usubiri siku ngapi baada ya kupulizia kabla ya kuvuna. Zisubiri zote. Kama siku hazijatimia, Jumatano hiyo nenda na ndizi tu, au usiende. Mteja anayenunua kwako anakujua kwa sura, anajua unakotoka, na anampikia mtoto wake usiku ule ule. Wanaoniuliza, "Mama, hii umepulizia lini?" wananifurahisha kuliko wanaosifia bei yangu.

Wateja wanafundisha pia. Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, na aina za nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997, zimekuwa shambani kwetu tangu siku nyingi kwa sababu ganda lake gumu linavumilia safari. Kuna pia ngogwe iitwayo Tengeru White. Lakini aina gani upande mwaka huu, sokoni utasikia vizuri zaidi kuliko popote. Wapishi wanataka nyanya ngumu isiyopasuka. Mama wa nyumbani anataka ngogwe isiyochachamaa uchungu. Wazee wanaulizia mnafu wa kienyeji wenye jani dogo. Andika wanachoulizia ambacho huna. Mwezi ujao ukipande.

Daftari hilo hilo litumie kwa hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye biashara ya mafungu hupotea haraka, kwa kuwa pesa inaingia mia mia na inatoka mia mia: chai, nauli, chenji, mkopo wa jirani. Andika nauli ya kwenda na kurudi, ushuru, mbegu, kibarua wa palizi, na muda wako pia. Ukiona nauli inakula faida, ungana na majirani wawili watatu mkodi toyo moja, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu.

Ushuru ulipe, na udai risiti ya mashine. Ila jua tofauti. Ushuru wa soko unalipia mahali ulipoketi. Ushuru wa mazao ni kitu kingine, na tangu mwaka 2017 mtu anayesafirisha mazao yasiyofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi. Akina mama wengi wenye viroba vitatu hawalijui hili na wanalipa kwenye vizuizi vya barabarani kwa woga. Kwa kuwa tunalipa, tuna haki ya kudai paa, vyoo na maji ya bomba. Mvua ikinyesha, sehemu kubwa ya waliokaa chini wanakaa kwenye tope na chakula wanachouza, na hili linaniuma kila masika.

Gulio moja linabeba biashara nyingi ambazo hazina jembe. Mama lishe ananunua maharage na ndizi kwangu asubuhi, na saa sita ninanunua chakula chake. Mwenye toyo, fundi wa vikapu, kijana anayebeba mizigo, msichana anayeuza karanga za kuchemsha, wote wanategemea siku mbili zile zile. Kama uko kwenye kikundi cha wanawake, cha vijana au cha watu wenye ulemavu, ulizieni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa hiyo aliyekatishwa tamaa wakati ule arudi kwa ofisa maendeleo wa kata. Ombeni cha kununulia pampu au matenga. Mkopo wa kulipia ada ya shule utawasumbua kurejesha.

Kwa mnunuzi nina machache. Kwa majani njoo mapema. Jani likivunjwa linalia, na lililolala linajikunja kimya. Usizikimbie nyanya zenye makovu madogo kwenye ganda, kwa mchuzi ziko sawa na bei yake ni nafuu. Mchague mama mmoja wa majani na mmoja wa ndizi, uwe unarudi kwao. Baada ya muda atakuwekea mnafu hata ukichelewa, na atakuambia kweli ukiuliza kama ngogwe za leo ni za jana. Punguziwa bei, ndiyo, biashara ni maelewano, lakini kumng'ang'ania mtu ashushe mia moja kwenye fungu la mia tano ni kumpokonya sehemu kubwa ya faida yake.

Na kwa anayetaka kuanza kuuza: Jumatano moja njoo bila mzigo, uzunguke tu. Angalia wauza majani wanakaa upande gani, kwa sababu kila bidhaa ina sehemu yake na ukikaa penye mitumba hutauza. Mwone kiongozi wa soko umwambie unaleta nini, na umsalimie mama atakayekuwa jirani yako, kwa kuwa yeye ndiye atakayekulindia mzigo ukienda msalani. Halafu Jumamosi njoo na tenga moja tu.