Nyungunyungu wangu wanatoroka ndoo, nakosea wapi?

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Niko Ujiji, Kigoma. Mwezi uliopita nilianza kutengeneza mboji kwa nyungunyungu kwenye ndoo ya lita 20. Nawawekea maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya wali, vichwa vya dagaa na majivu kidogo ya jikoni. Nyungunyungu wenyewe nililetewa na kijana anayechimba chambo. Sasa ndoo inanuka, na kila asubuhi nawakuta wamejazana kwenye mfuniko, wengine wamekufa sakafuni. Tatizo nini?

JIBU: Nzuri, dada. Ukiwaona wamepanda mfunikoni, ujue huko chini hawapumui. Nyungunyungu hana mapafu. Hewa hupita kwenye ngozi yake, tena ngozi hiyo sharti iwe na unyevunyevu. Ndoo yako ni ndefu na nyembamba, hivyo chakula kinalaliana, maji yanatuama chini, hewa inakwisha na uozo unaanza kunuka kama yai viza. Mwenye nguvu anatoroka.

Dagaa na wali ndivyo vinavyonuka zaidi. Samaki, nyama na chochote kilichoungwa kwa mawese au chumvi, chimbia shimo shambani, la nusu mita hivi, mbwa wasifukue. Ila majivu nayaogopa kuliko dagaa. Yashike kwa mkono wenye maji uone yanavyoteleza kama sabuni, halafu fikiria hayo yakimwagwa juu ya ngozi inayopumua. Limau na machungwa nayo usiweke mengi.

Halafu kijana wako wa chambo. Wale wa kijivu wanaochimbwa bustanini wengi hukaa chini na kula udongo. Ndoo au sanduku si makazi yao. Unaowataka ni wale wekundu wanaoishi juu, ndani ya uozo. Fukua lundo la samadi ya ng'ombe ya zamani iliyokwisha kupoa, au chini ya mabaki ya migomba yaliyolala muda mrefu. Wanaofugwa zaidi duniani ni Eisenia fetida, lakini wapo pia Eudrilus eugeniae, wenye asili ya Afrika Magharibi, ambao wanavumilia joto zaidi. Nusu kilo inatosha kuanzia.

Tafuta beseni pana au sanduku la mbao lenye kina cha sentimita 30 hivi. Toboa matundu chini na ubavuni, liinue juu ya matofali, liweke kivulini. Ujiji mwembe haukosekani. Usiliweke chini ya bati lisilo na dari, mchana wataiva. Tandika maboksi yaliyochanwachanwa, majani makavu na konzi mbili za udongo, kisha lowesha. Chukua konzi moja uikamue: yakidondoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza boksi kavu.

Kwenye kulisha ndiko wengi wanakoharibu, kwa huruma tu. Nyungunyungu hana meno. Anangoja vijidudu vilainishe ganda ndipo ale. Ukimrundikia chakula, unalisha uozo. Kwa hiyo nusu kilo ya nyungunyungu, anza na kilo moja ya maganda kwa wiki nzima, yaliyokatwakatwa. Yafukie kona moja, wiki ijayo kona nyingine. Ukifukua ukakuta ya wiki iliyopita bado yapo, usiongeze kitu. Majani ya chai na maganda ya mayai yaliyosagwa, weka bila wasiwasi.

Sisimizi wakija, simamisha sanduku kwenye miguu ya mbao, kila mguu ndani ya kopo la maji. Siafu sina dawa yao, hamisha sanduku mapema.

Baada ya miezi mitatu au minne, weka chakula kipya upande mmoja tu. Watahamia huko wenyewe, nawe uchote upande wa pili. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia kama udongo uliopata mvua, na huoni ganda la ndizi ndani yake. Kwa miche, changanya sehemu moja ya mboji na tatu za udongo.

Uchafu wa ndoo ya sasa uzike. Nyungunyungu waliobaki wamwage leo jioni chini ya migomba. Walio wazima watazama ardhini kabla hujarudi ndani.