Barua kwa mwanangu: rudi baada ya miezi mitatu

Mwanangu Idi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini damu imeshuka namna hiyo na daktari hakukupa vidonge vya madini ya chuma, na kwa nini kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, kimetoka kizuri halafu wanakutaka urudi baada ya miezi mitatu. Unadhani wanakuzungusha. Hapana.

La chuma ni fupi. Seli nyekundu huishi kama siku 120, kisha wengu na ini huzivunja na kuhifadhi chuma chake kitengenezee nyingine. Zako zimevunjika kabla ya siku zao, na hiyo ndiyo himolisisi. Hujakosa malighafi, umebomolewa nyumba. Mabaki ya seli hugeuka bilirubini, rangi ya manjano, na ikizidi kasi ya ini kuitoa huonekana machoni. Ndiyo maana ini lako ni zima na macho yamebadilika. (Ukimsimulia bibi yako, usitaje neno manjano peke yake. Atadhani ni homa ya manjano na hatalala.) Mkojo mweusi nao ni himoglobini, ile rangi nyekundu ya seli, iliyomwagika ndani ya mishipa ikapita kwenye figo.

Seli huvunjika kwa sababu nyingi: selimundu, damu ya kuongezewa isiyolingana, hata kingamwili za mtu mwenyewe kuzishambulia seli zake. Hizo za mwisho ndizo walizozitafuta kwa kipimo cha Coombs, wakazikosa. Wakabaki na swali moja: ulimeza nini? Ukasema primakwini, dawa ya malaria, na mkojo ukageuka siku ya tatu. Mimi hapo ningeacha kutafuta kwingine.

Sasa lile la pili, ambalo nina deni nalo. Seli nyekundu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Hutoka kwenye uboho na akiba yake ya G6PD, na akiba hiyo hupungua kadiri inavyozeeka. Kimeng'enya hicho ndicho kinga yake dhidi ya madhara ya dawa kama primakwini. Kwa mtu aliyezaliwa na upungufu, dawa ikiingia seli kongwe hupasuka kwanza, changa husalimika, na uboho humwaga nyingine changa kuziba pengo. Wewe ulitolewa damu wiki moja baadaye. Ni kama kuulizia afya ya wazee kwenye mkutano waliobaki vijana watupu! Baada ya miezi mitatu zitakuwepo seli za kila umri, na jibu litakuwa la kweli.

Nimesema nina deni. Nilipokuwa mgeni maabara niliwahi kupeleka jibu la "kawaida" bila kuangalia hesabu ya retikulosaiti, yaani hizo seli changa. Mgonjwa akarudishiwa dawa ileile. Alipona, lakini hakupona kwa sababu yangu.

Kuna jambo hukuniuliza, nami nalisema. Mjomba wako alipokuwa mtoto alivishwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya nafthalini, akawa wa manjano, akaongezewa damu. Nyumbani tuliita uchawi. Kasoro ya G6PD hukaa kwenye kromosomu ya X, na mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikithibitika, imetoka kwangu. Baba yako hahusiki kabisa, na najua atafurahi kulisikia hilo. Wanao wa kiume hutawarithisha. Wa kike wataibeba wote, na dada yako naye apimwe.

Kwa sasa usiguse primakwini wala dapsoni, ile dawa ya ukoma, na kila anayekuandikia dawa mwambie kabla hajashika kalamu. Asidi ya foliki waliyokupa imeze, uboho unaihitaji unapofanya kazi ya ziada. Mkojo ukiwa mweusi tena, nenda hospitali siku hiyohiyo, usinisubiri mimi.

Halafu nitumie picha ya majibu yote, si ukurasa wa kwanza tu. Nataka kuona retikulosaiti zilikuwa ngapi siku ile.

Mama yako